Kumshirikisha Jirani Habari za Yesu bila Kuvunja Ujirani

Mwongozo huu ni wa Mkristo anayekaa nyumba ya kupanga, mlango kwa mlango na watu wa dini nyingine: bomba moja, kamba moja ya kuanikia nguo, LUKU moja. Mhubiri wa stendi akishamaliza kuhubiri anapanda daladala na kwenda zake. Wewe ukimkera jirani Jumamosi jioni, Jumapili alfajiri mtakutana mlangoni mwa choo, kila mtu na ndoo yake.

Kwa hiyo hatua nyingi hapa zinakwenda polepole. Kutoka salamu za kawaida hadi siku mnapokaa kusoma kisa kimoja cha Injili inaweza kupita miezi mitatu, sita, hata mwaka. Asiye na subira hiyo afadhali asianze, maana hasara yake hailipi peke yake: jirani aliyebughudhiwa na Mkristo mmoja humfungia mlango hata Mkristo wa pili na wa tatu.

Anza na daftari, kisha madeni

Andika majina matatu. Ukiandika kumi utawapitia kama mtu anayekagua tiketi. Chini ya kila jina weka mambo unayoyajua kweli: anafanya kazi gani, nani anaumwa kwake, mtoto anafanya mtihani lini, mwaka huu amezika nani. Ukikuta huna la kuandika zaidi ya dini yake, basi bado humjui, na kazi ya mwezi wa kwanza ni kumjua tu. Waombee watu hao dakika tano kila siku, na uombee haja zile ulizoziandika. Ukimwombea mtu kodi ya nyumba, ukikutana naye utakumbuka kumuuliza kodi, na atashangaa ulijuaje kwamba jambo hilo linamsumbua.

Kisha geuza ukurasa uandike yale anayokudai. Hela ya LUKU uliyosema utalipa mwisho wa mwezi. Zamu yako ya kufagia uwanja. Spika ya kwaya unayofungulia saa kumi na moja alfajiri. Mtoto wako aliyempiga wa kwake, nawe ukamtetea. Umbea uliousema bombani ukafika masikioni mwake. Yamalize haya kwanza, moja moja, na kwenye siku ya kuomba radhi usichomeke neno lolote la dini. Msamaha unaofuatwa na mahubiri husikika kama chambo.

Hili si geni Afrika Mashariki. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika ulijulikana vijijini kwa jambo hili hasa: watu waliotubu walirudisha vitu walivyoiba na kwenda kuwaomba radhi waliowakosea. Jirani aliyeletewa jembe lake lililopotea miaka mingi aliuliza mwenyewe kulikoni.

Sahani, nyama na saa ya kubisha hodi

Tumchukue jirani Mwislamu, kwa sababu Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Mombasa ndiye wa karibu zaidi, na ndiye Wakristo wengi humwendea vibaya kuliko wote.

Chombo kilicholeta chakula hakirudi kitupu. Ukiletewa pilau ya Idi, irudishe sahani baada ya siku mbili tatu ikiwa na kitu: maembe, mayai, vitumbua. Shida huanza unapotaka kumpikia wewe, maana hapo kuna suala la nyama. Nunua kwenye bucha ambalo yeye mwenyewe hununua, na kama ni kuku wa kwako, mwombe yeye au mumewe akuchinjie. Sufuria nayo ina habari yake: kama imewahi kupikiwa kitimoto, usiitumie. Sema kabla hajauliza, kwa sauti ya kawaida, "Nyama ya bucha la pale kona, na sufuria hii haijawahi kuona nguruwe." Kama huwezi kusema hivyo kwa ukweli, mkaribishe chai na maandazi. Akija kugundua ulimlisha kitu kwa kumficha, ujirani wenyewe umekwisha, seuze Injili.

Saa pia. Ijumaa kuanzia saa sita mchana usiende. Magharibi inapokaribia, aga. Mwezi wa Ramadhani usile mbele yake mchana wala usijipeleke kwenye futari ya watu. Ukialikwa, nenda na tende, na ufike kabla ya adhana, maana anayefika wakati wenzake wameshaanza kufuturu anaonekana amekuja kula tu. Mwanamke azungumze na mwanamke, mwanamume na mwanamume, na mkae kibarazani au mlango ukiwa wazi. Mwenye nyumba akiwa hayupo, salimia na uondoke.

Halafu Biblia yenyewe. Wakristo wengi huipigia mistari kwa kalamu nyekundu na kijani, huweka stakabadhi na picha ndani, huilaza chini ya kiti kanisani. Machoni pa mtu aliyefundishwa kutawadha kabla ya kushika msahafu, hayo ni kukidharau kitabu ambacho wewe mwenyewe unasema ni cha Mungu. Kwa kazi hii tafuta nakala safi, au kijitabu cha Injili ya Luka peke yake. Usiiweke sakafuni, usiwekee kikombe juu yake, usiibebe mfuko mmoja na ndala. Kwa mtu asiyezoea Kiswahili cha Union Version ya 1952, ile Biblia ya Habari Njema humezeka vizuri zaidi. "Munyu" na "enendeni" vina uzuri wake, lakini si pale unapotaka mtu aelewe mara moja.

Maneno ya kanisani yaache kanisani

Andika ushuhuda wako ukurasa mmoja wa daftari, unaosomeka kwa dakika tatu. Una sehemu tatu: ulikuwaje, nini kilitokea, sasa ukoje. Sehemu ya katikati ndiyo ndefu, kwa sababu ndiyo inayomhusu Yesu. Kosa linalojirudia ni kutumia dakika mbili na nusu kueleza ulevi na uasherati wa zamani kwa madoido hadi msikilizaji abaki na picha ya baa. Kosa la pili ni lugha.

Sikiliza mfano huu: "Bwana alinitembelea, nikafunguliwa vifungo vya ukoo, nikaoshwa kwa damu, sasa natembea katika viwango vingine." Asiyekaa kanisani hapo amesikia kufungwa, damu na kutembea. Sasa huu: "Nilikuwa nimemnunia kaka yangu miaka minne kwa sababu ya shamba la mzee. Nikasoma kwamba Yesu aliwaombea msamaha watu waliokuwa wanamsulubisha, nikashindwa kulala. Nilimwomba Mungu anisamehe mimi kwanza, halafu nikapanda basi nikaenda kwa kaka. Shamba bado hatujaligawa, ila tunakula pamoja." Hiyo sentensi ya mwisho usiifute kwa kutaka mambo yaonekane yamenyooka yote. Jirani anakuona kila siku, na anajua yapi hayajanyooka.

Maneno machache ya kuangalia. "Kuokoka" kwa wengi maana yake ni kuhamia kanisa fulani la walokole. Sema "kumgeukia Mungu na kusamehewa". "Roho Mtakatifu", kwa Mwislamu aliyesoma madrasa, mara nyingi ni malaika Jibrili, kwa hiyo usilitupe neno hilo bila kulieleza. Akisema Nabii Isa usimsahihishe. Wewe sema Yesu, mtajuana mnamzungumzia nani. "Bwana asifiwe" si salamu ya kila mtu. Akikupa asalaam aleikum, itikia waaleikum salaam, hakuna kinachopungua.

Na kuna sentensi moja ya kufuta kabisa: "Ukimpokea Yesu biashara yako itanyooka." Hujaahidiwa hivyo, na huwezi kumwahidi mwingine. Waliovutwa kwa ahadi hiyo huondoka siku mzigo wa kwanza unapokwama bandarini, na wanaondoka wakiwa wagumu kuliko walivyokuja.

Mazungumzo yenyewe

Usianze wewe na dini. Kaa, salimia kwa urefu wake, uliza ya nyumbani, kisha sikiliza hadi mwisho. Kipimo kizuri ni hiki: katika dakika ishirini, wewe usizidi saba. Mithali 18:13 inasema kujibu kabla hujasikia ni upumbavu na aibu, na wanaoshuhudia ndio wanaoisahau zaidi.

Tuseme jirani anachambua mchele kibarazani.

"Habari za tangu juzi, jirani? Mama anaendeleaje?"

"Bado. Presha haishuki. Nimechoka, wallahi."

"Pole sana. Usiku anakaa naye nani?"

"Nani tena? Mimi mwenyewe."

"Basi Alhamisi nitakaa mimi. Wewe ulale."

Anaendelea kuchambua. Anatoa chuya mbili, anazitupa kwa kuku. Mkristo mwenye haraka angeruka hapa na kijikaratasi. Wewe chukua konzi ya mchele na wewe uchambue. Baada ya muda anauliza mwenyewe:

"Hivi ninyi mtu akiumwa mnaomba vipi?"

"Tunamweleza Mungu kama mtoto anavyomweleza baba yake, kwa jina la Yesu. Ungependa nimwombee mama sasa hivi?"

Akikubali, omba papo hapo, dakika moja isizidi, kwa sauti ile ile uliyokuwa ukiongelea, ukimtaja mama kwa jina lake. Usimwekee mtu mkono kichwani bila ruhusa. Usinene kwa lugha. Usikemee: ukianza kukemea presha, mwenzio ataelewa kwamba umemwambia mama yake ana mapepo. Usiahidi kupona. Ukimaliza rudi kwenye mchele. Na Alhamisi uende, hata mvua inyeshe. Usipokwenda, hayo mengine yote yamekuwa maneno.

Akikataa, mwambie sawa, nitamkumbuka nikiwa kwangu, na uulize mchele ameununua wapi.

Siku ya kufungua kitabu omba ruhusa waziwazi: "Kuna kisa kimoja alikisimulia Yesu, ni kifupi, naweza kukusomea?" Mpe nafasi ya kusema hapana bila aibu. Tunashauri kisa kimoja juu ya vingine vyote.

Luka 15: mzee anayekimbia

Mwana mpotevu, Luka 15 mstari wa 11 hadi 32, ni mistari ishirini na miwili, kama dakika nne ukisoma kwa utulivu. Soma yote bila kukatiza wala kufafanua. Kisha uliza maswali, na uyapange hivi.

La kwanza: kijana alipodai urithi baba yake yu hai, alikuwa anasema nini? Hapa huhitaji kueleza kitu. Kila aliyekulia katika ukoo wa Kiafrika anajua kwamba kudai urithi mzee akiwa bado anakula ugali wake ni kumwombea kifo. Mwache aseme yeye.

La pili: alifika wapi huko ugenini? Kwa nguruwe, akitamani kushiba walichokula. Mwislamu hukiona kina cha fedheha hii haraka kuliko Mkristo aliyetoka kula kitimoto juzi. Yesu alikisimulia kisa hiki kwa Wayahudi, ambao nao nguruwe ni haramu kwao, kwa hiyo jirani yako amekaa karibu zaidi na wasikilizaji wa kwanza kuliko wewe. Mwambie hivyo. Ni kweli, na inampa heshima.

La tatu ndilo la kukaa nalo: kwa nini mzee alikimbia? Mzee mwenye heshima zake hakimbii. Anatembea, watu wanamfuata yeye. Huyu alimwona mwanawe angali mbali, akaenda mbio mbele ya mtaa mzima. Vijana waliokuwa tayari kumzomea mtoro walijikuta wakimtazama mzee kanzu juu. Fedheha iliyokuwa imwangukie mtoto, baba ameikimbilia akaibeba yeye. Ngoja hapa. Usijaze ukimya.

Kisha mwonyeshe hotuba. Kijana aliipanga njiani, mstari wa 18 na 19, na mwisho wake ulikuwa kuomba afanywe kibarua. Mstari wa 21 anaisema, lakini sehemu ya kibarua haipo. Baba ameshageuka anaagiza vazi, pete na viatu. Hivyo viatu navyo si vya kupita haraka: Unguja ya zamani za utumwa, mtumwa hakuvaa viatu wala hakufunika kichwa mbele ya waungwana. Mwana anayerudishiwa viatu amerudishiwa uana.

Sasa jitayarishe kwa jibu ambalo msikilizaji makini hulitoa, na Wakristo wengi hulikosea: "Si umeona? Mungu alisamehe tu. Msalaba wa nini?" Usibabaike, wala usirukie Warumi. Rudi kwenye kisa uulize gharama imelipwa na nani. Mali iliyotapanywa ilikuwa ya baba, heshima iliyovunjika ilikuwa yake, ndama ni wake, na mwana mkubwa aliyesusa nje ni wake pia. Anayesamehe ndiye anayebaki na hasara. Kisha mwonyeshe mstari wa kwanza na wa pili wa sura hiyo: Yesu alikisimulia kwa sababu watu walimnung'unikia kwa kula na wenye dhambi. Anaeleza anachokifanya yeye mwenyewe, na njiani yuko anakwenda Yerusalemu. Mwambie: wiki ijayo ukipenda tusome alivyofika. Hiyo ni Luka 23:32 hadi 43, msalaba na wale wahalifu wawili, na baada yake sura ya 24, kaburi. Kifo kwa ajili ya dhambi zetu, kuzikwa, kufufuka siku ya tatu: Paulo alivyoifupisha Injili katika 1 Wakorintho 15:3-4 ndivyo ilivyo, na ukifika hapo umesema kiini chote. Mengine yatafuata.

Acha siku ya kwanza iishie kwa mwana mkubwa aliye nje ya mlango. Kisa hakisemi kama aliingia.

Maswali yatakayokuja, na yasiyofaa kushindania

"Mungu anazaa?" Jibu fupi: hapana, na Mkristo anayeamini kwamba Mungu alimwoa Mariamu hayupo. Kiswahili chenyewe kinasaidia. Mwanasheria hakuzaliwa na sheria, mwananchi hakuzaliwa na nchi. "Mwana" hueleza uhusiano. Mfano huu haukamilishi mafundisho ya Utatu, unaondoa tu picha mbaya iliyoziba njia. Ukiusukuma mbali zaidi utakuangusha, kwa sababu wewe unaamini zaidi ya uhusiano wa jina.

"Biblia imebadilishwa." Uliza kwa upole: lini? Kuna nakala ya mkono iitwayo Codex Sinaiticus, ya karne ya 4, yenye Agano Jipya lote. Sehemu yake kubwa iko London, na iliandikwa zaidi ya miaka 200 kabla ya Hijra, yaani Mtume Muhammad kuhamia Madina, mwaka 622. Gombo la Isaya lililopatikana kwenye mapango ya Bahari ya Chumvi mwaka 1947 ni la zamani kuliko Yesu mwenyewe. Yapo maneno yanayotofautiana kati ya nakala na nakala, na Biblia nyingi huyaonyesha chini ya ukurasa; usifiche hilo.

"Ni dini ya wazungu." Towashi wa Matendo 8 alikuwa mtu wa Kushi, kusini mwa Misri, na mfalme Ezana wa Aksumu, Ethiopia ya kale, aliipokea imani hii karne ya 4, kabla mataifa mengi ya Ulaya hayajaisikia. Mmisionari Mjerumani Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na alipoanza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili alisaidiwa na kadhi wa mji. Hiyo ni habari nzuri ya kumsimulia jirani Mwislamu, na si ya kumshinda kwayo.

"Wachungaji wenu wanakula hela za watu." Wengine ndiyo. Kubali na unyamaze. Kila sekunde unayotumia kumtetea tapeli inakatwa kwenye uaminifu wako.

Usilojua, sema hujui, na urudi na jibu ndani ya wiki moja. Kamwe usimseme vibaya Mtume wake wala usichukue aya za Kurani kumtegea. Mihadhara ya kushindana vitabu imefanyika sana mijini mwetu, na watu huenda kama wanavyokwenda kwenye mechi, kila upande ukirudi nyumbani na ushindi wake. Mtu aliyeaibishwa mbele ya wenzake haji kwako usiku kuuliza zaidi.

Na kama jirani ni Mkatoliki, Mlutheri au Mwanglikana anayesali, usimhesabu kama asiye na Kristo ili ujaze viti kwenu. Hiyo ni kuiba kondoo wa zizi la jirani. Ombeni pamoja, someni pamoja, mwache kanisani kwake.

Usiutumie mkono wenye nguvu

Tunasisitiza hapa kwa sababu upendo hupotea bila mtu kujua. Muuguzi na mgonjwa aliye kitandani, mwalimu na mwanafunzi, bosi na dada wa kazi: hawa wa chini hawana uhuru wa kukukatalia. Usimpeleke dada wa kazi kanisani kwa amri, na kama ni Mwislamu mpe nafasi na mahali pa kuswali. Akikuuliza habari za imani, mjibu, lakini aulize yeye. Vivyo hivyo msaada. Unga na sukari unavyompelekea mfiwa viende bila kijikaratasi ndani ya mfuko. Ukitaka kujua kama unasaidia au unanunua, jiulize kama ungeendelea kutoa baada ya kuambiwa hapana.

Mtoto wa mtu usimbatize wala kumfundisha kwa siri bila wazazi wake kujua.

Sheria nayo ijue. Katiba ya Tanzania, ibara ya 19, inasema kueneza dini ni huru na ni hiari ya mtu binafsi. Ya Kenya ya 2010, ibara ya 32, inakataza kumlazimisha mtu jambo lililo kinyume na imani yake. Ndugu zetu wanaofanya kazi Oman na nchi za Ghuba wako chini ya sheria nyingine: kule kumhubiria Mwislamu kunaweza kumfikisha mtu kwenye kesi na kurudishwa kwao, na ibada hufanyika kwenye maeneo yaliyotengwa, kama Ruwi na Ghala mjini Muscat. Ukiwa huku, usimtumie mtu wa kule vipande vya mahubiri kwenye simu ya kazini ukadhani unamtia moyo.

Simu kwa ujumla: usimwingize mtu kwenye kundi la WhatsApp la maombi bila idhini, usimtumie ujumbe wa "sambaza kwa watu kumi upate baraka", na ujumbe wa sauti usizidi dakika moja.

Akisema hapana, akisema ndiyo

Hapana ya kwanza inaweza kuwa uchovu. Ukigusia mara tatu, siku tofauti, na mara zote akageuza mazungumzo, basi ameshajibu. Acha kugusia. Chai iendelee, zamu ya hospitali iendelee, jina libaki daftarini. Akitaka atalianzisha mwenyewe, na atajua wa kumuuliza.

Ndiyo inahitaji tahadhari zaidi kuliko hapana. Usimwongoze sala ya toba siku ile ile machozi yanapomtoka. Kaa naye kwanza mhesabu gharama kwa majina yake: mume atasemaje, watoto watakaa na nani, urithi, nani atamzika na wapi. Luka 14:28-30 inamtaja anayejenga mnara bila kupiga hesabu, na mtu ambaye ukoo utamtenga ana mnara mkubwa. Akishaielewa gharama na bado anataka, sala yake iwe kwa maneno yake mwenyewe. Wewe nyamaza.

Baada ya hapo kuna mambo ya kukataa hata kanisa likiyataka. Picha yake isipigwe. Asipandishwe madhabahuni Jumapili ijayo kutoa ushuhuda wa "aliyekuwa Mwislamu". Asibadilishwe jina, Zuhura au Juma si dhambi. Asiambiwe aache kula Idi na mama yake. Madhara haya tumeyaona sana: makofi ya dakika tano kanisani, kisha mtu anarudi nyumbani kukuta virago vyake nje.

Ndani ya siku mbili mtafutie mtu wa jinsi yake, mtulivu, wa kukaa naye. Anzeni Marko: sura 16, mbili kila wiki, wiki nane. Kila sura maswali mawili tu yanatosha: tumeona nini kuhusu Yesu, na wiki hii tufanye nini. Ubatizo ufuate utaratibu wa kanisa na mwendo wake yeye. Akitishiwa, usimfiche kwako peke yako kishujaa. Mshirikishe mchungaji na wazee wachache wanaojua kunyamaza, na ikiwa kuna hatari ya mwili, serikali ya mtaa na polisi wajue. Mara nyingi yupo shangazi au mjomba ndani ya ukoo mwenye busara wa kuongea na wakubwa. Mtafuteni huyo kabla ya wakili.

Mwisho, kuna siku jirani naye atakuja na kijitabu chake, au atakualika kusikiliza mawaidha. Kipokee kwa mkono wa kulia, ukisome chote, na ukirudishe baada ya wiki ukiwa na swali moja la kweli kutoka ndani yake. Utajua hapo jinsi inavyokuwa kukaa upande ule mwingine wa kibaraza.